Jasho la Mtu Mmoja

Nilitoka kununua mkate na maziwa ya kopo. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa nane, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Nataja saa kwa sababu niliitazama ukutani kabla ya kufunga mlango. Nilikaa nje dakika ishirini. Si zaidi.

Mjukuu wangu Verona, mwenye miaka sita, nilimwacha kitandani na blanketi limemfika kidevuni. Alikuwa na furaha. Hakuwahi kuhisi baridi ya namna ile maishani mwake.

"Bibi, meno yanagongana," alisema.

"Yapi? Unayo manne tu."

"Hayohayo manne."

Mtoto huyu alizaliwa bila tezi za jasho. Nywele chache, meno machache, na ngozi kavu kama karatasi. Kwetu Keetmanshoop, bara, mbali na bahari, jua likianza kuwaka mwezi wa kumi, tulimfunga shuka lililoloweshwa na kumkalisha ndani ya beseni la bati hadi jioni. Hakuwahi kucheza nje mchana. Desemba ya kabla ya safari hiyo alianguka uwanjani shuleni, akakaa siku mbili bila kumtambua mama yake. Daktari alituambia bila kuzunguka: mpelekeni kwenye baridi, kiangazi kingine kama hiki hatakivuka.

Ndiyo maana tulikuwa pale. Binti yangu Engeline alikuwa ameahidiwa kazi katika kiwanda cha samaki, naye alitakiwa kutoa jibu Jumatatu. Tulikuja siku chache kupaangalia, tuamue kama tutahama. Jina la mji sitaliandika, kwa sababu wangu bado wako huko. Ni mji mdogo wa pwani, makanisa mawili, kiwanda kimoja, upepo, na ukungu unaoingia kutoka baharini kila jioni.

Chumba tulipewa na Sanna Kooper, niliyesoma naye darasa moja. Chumba kiko uani kwake. Mchana wa Ijumaa hiyohiyo, tulipofika tu, kabla hata ya chai, aliuliza:

"Mmeshajitambulisha?"

"Sanna, hata mizigo hatujatua."

"Tueni, halafu mteremke ufukweni. Sitaki kulala na watu wasiojulikana. Haya si maji ya bomba, Dorkas."

Sisi ni Wanama, na hakuna Mnama asiyelijua hili. Ukifika kwenye maji mageni, iwe mto, iwe kisima, iwe bahari, unaokota jiwe, unalisugua kwapani mpaka lishike jasho lako, unalitupa na kutaja jina lako. Maji yakishakunusa, unakuwa mwenyeji.

Tuliteremka watatu. Engeline alilitupa lake akicheka, akakimbilia kiwandani kuonana na msimamizi; hakurudi mpaka usiku. Mimi nilitupa langu. Nilikuwa nimebeba sanduku kupanda kilima, jasho nilikuwa nalo.

Lilibaki jiwe la Verona.

Nilimsugua nalo kwapani. Nikamsugua shingoni, mgongoni, nyuma ya magoti. Jiwe lilitoka kavu kama lilivyoingia.

Ningemuuliza Sanna. Alikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale. Lakini mimi ndiye ninayeulizwa mambo katika ukoo wetu. Biblia ya nyumbani iko kwangu, na ndani ya jalada lake nimeandika kuzaliwa na kufa kwa watu wa vizazi vitano, bila kukosea siku. Niliona aibu kuuliza jambo ambalo ilinipasa kulijua.

Nikalitia jiwe la mtoto kwapani mwangu. Nikalitupa. Nikataja jina lake.

"Lakini Bibi," Verona akasema, "lile linanuka wewe."

"Mimi na wewe ni mtu mmoja," nilimjibu.

Nilisema hivyo kwa sauti, miguu yangu ikiwa ndani ya maji.

* * *

Dukani palikuwa na foleni fupi. Nilipotoka, ukungu ulikuwa umeshafika. Taa za barabarani zilionekana kama viini vya mayai. Honi ya mnara wa taa, inayoonya meli, ilikuwa ikilia kule mwambani, mara moja, kimya, mara moja, kimya...

Nilikuwa nimefika kwenye uzio wa Sanna niliposikia harufu.

Wanawake wa kwetu tunachanganya unga wa majani ya kunukia, tunauweka katika gamba la kobe na kujipaka shingoni. Kila mmoja ana mchanganyiko wake. Wangu nilifundishwa na mama, na tangu afe hakuna mwingine anayeujua. Harufu ile ilikuwa ya unga wangu. Unga wangu, na chini yake jasho langu mwenyewe, kama nguo niliyoivua.

Ilitoka mbele yangu.

Niligusa mfuko wa gauni. Gamba la kobe lilikuwamo, limefungwa.

Kwenye saruji ya uani palikuwa na nyayo za maji. Miguu mitupu. Mguu wa kulia umepinda kidole kidogo kwa ndani, kama wangu ulivyopinda tangu nilipokanyagwa na punda mwaka wa sabini na moja. Zilitoka upande wa baharini, zikapanda kizingiti.

Hazikurudi.

Ndani, mtu alikuwa akiimba kwa kufumba mdomo. Ulikuwa wimbo ninaomwimbia Verona nikimwagia maji kwenye beseni. Mimi hukosea sehemu moja, kwenye kupanda kwa sauti, tangu utotoni. Alikosea palepale.

Kisha sauti ya mtoto, ndogo, ya usingizi:

"Bibi, mbona mikono yako imelowa?"

Kuimba kukakoma.

Nikasukuma mlango. Haukufunguka. Hauna kufuli ule, una komeo la mbao tu, na mtoto halifikii. Nikagonga.

"Nani?" Verona aliuliza.

"Ni mimi. Bibi. Fungua."

Honi ikalia.

"Bibi yuko humu," akasema.

Mkate ulinianguka. Niliweka mdomo kwenye ufa wa mlango, na harufu ikanijia usoni, nzito, ya joto, ya kwangu. Nilijua kwamba nikisema "Mimi ndiye Bibi wa kweli," yule naye atasema hivyohivyo, kwa sauti hiihii. Ana jasho langu, nikajiambia. Ana nini kingine?

"Verona," nikanong'ona. "Muulize huyo bibi jambo moja."

"Jambo gani?"

"Muulize mama yake alizikwa wapi."

Nilimsikia akiuliza, kwa adabu, kama nilivyomfundisha kuuliza wakubwa.

Hakuna jibu.

Honi ikalia. Ikalia tena. Kitu kikaanza kudondoka sakafuni, tone, tone, kisha kwa haraka, kama nguo inayokamuliwa. Halafu komeo likaanguka lenyewe.

Chumba kilikuwa kitupu. Verona alikuwa amekaa kitandani, blanketi limelowa chapachapa upande mmoja, upande wa ukutani, mahali nilipopanga kulala mimi. Sakafu ilikuwa na maji ya chumvi. Nilimshika paji la uso. Tangu azaliwe sijawahi kumgusa nikamkuta baridi. Alikuwa baridi, laini, ametulia.

"Hakujua, Bibi," alisema. "Akalia."

"Alisema nini?"

"Kasema nisimwambie mtu. Kasema atajifunza."

* * *

Sanna nilimwambia asubuhi, jikoni kwake, Engeline akiwa bado amelala. Alikuwa akigeuza mkate juu ya makaa. Nilipofika kwenye jiwe la pili, aliacha mkono palepale.

"Ulitupa jasho lako mara mbili?"

"Mtoto hana jasho, Sanna."

"Ungempaka mate. Ungekata ukucha. Ungemwambia akojoe juu ya jiwe, mwanamke wewe! Na shule yako yote hiyo!" Aliketi. Alipoongea tena alikuwa ameshusha sauti. "Umeyaambia maji kuna Dorkas wawili. Mmoja yamemwona. Wa pili hayamwoni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo yanamtengeneza."

Mkate uliungua upande mmoja. Hakuna aliyeugeuza.

"Atamdhuru mtoto?" nikauliza.

"Amdhuru kwa nini? Ni bibi yake." Akanitazama kwa namna nisiyoipenda. "Mimi ningekuogopea wewe. Dorkas halisi akiondoka, huenda yakatosheka na mmoja. Huenda. Usiniulize zaidi, mimi nilikuwa naosha sakafu za kiwanda, si mganga."

Nilikuwa nimeshaamua kwamba hatuhami. Nilitoka nje kumwamsha Engeline nimwambie tufunge mizigo, turudi kwetu siku hiyohiyo.

Lakini Verona alikuwa ametangulia kuamka. Nilimkuta ufukweni, na mama yake, aliyemfuata, amesimama juu zaidi kwenye mchanga, amefunika mdomo kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa akikimbia. Alikwenda hadi kwenye miamba, akarudi, akaenda tena, viatu mkononi, akipiga kelele kwa ndege. Tulimtazama mpaka saa sita mchana. Saa sita, jua likiwa juu! Hakuanguka. Hakuomba maji. Alisimama mara moja tu kutuuliza mbona tunalia.

"Mama," Engeline akasema, "nimwambie nini msimamizi Jumatatu?"

Nilikuwa na kiangazi upande mmoja, na kile nilichokinusa mlangoni upande mwingine. Kiangazi nilikuwa nakijua. Nilishaona kinavyofanya.

"Mwambie utaanza kazi," nikasema. "Mimi narudi nyumbani."

"Tulikubaliana watatu! Nani atakaa naye nikiwa zamu?"

"Sanna atamwangalia."

"Kwa nini, Mama? Una nini?"

Sikumwambia. Nilisema mji una ukungu mno kwa magoti yangu. Engeline alinuna siku mbili, na hadi leo anaamini niliwaacha kwa ajili ya magoti. Niliondoka Jumapili, bila kugusa maji. Verona alinipungia mkono kutoka kwenye uzio. Hakulia. Nilishangaa kwamba hakulia.

* * *

Hayo yalitokea mwaka jana. Ninayoongeza sasa ni ya miezi mitano hii.

Siku niliyorudi, mbwa wangu alikuja hadi kwenye geti, akaninusa viganja, akarudi kulala chini ya gari bovu. Tangu hapo hanifuati. Nikimwita kwa jina anatazama nyuma yangu.

Engeline hupiga simu Jumapili. Mtoto amenenepa, anakwenda shule, ana rafiki. Zamu za jioni, Engeline husema, hazimpi shida tena, kwa kuwa Verona hulala mapema na kwa utulivu, na chumba kinanuka vizuri akirudi.

"Kinanuka nini?" niliuliza.

"Kinanuka wewe, Mama. Nadhani uliacha unga mahali."

Sikuacha.

Mwezi wa kumi na moja nilimwomba anipe mtoto kwenye simu, kisha atoke nje.

"Anakuja?" nilimuuliza Verona.

"Ukungu ukija."

"Anafanya nini?"

"Anakaa. Ananiimbia. Sasa hakosei tena pale kwenye kupanda." Akapumua kidogo kwenye simu. "Na juzi alijua, Bibi."

"Alijua nini?"

"Mama yako alizikwa wapi. Amesema Berseba, kaburi la tatu kutoka ukutani. Amesema jiwe lake limepasuka."

Mtoto huyu hajawahi kufika Berseba. Mama yake pia halijui kaburi lile. Katika Biblia nimeandika siku na mahali, ukuta sikuutaja. Na ule ufa, jiwe lilikuwa zima miaka arobaini na miwili. Niliuona mimi, peke yangu, Jumamosi ya wiki iliyotangulia, nilipokwenda kupalilia.

Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu.

Kisha Januari ikaja. Tarehe nane kipimajoto cha dukani kilisoma arobaini na moja. Watu wote kwenye foleni walikuwa wanajifuta shingo. Mimi nilikuwa nimevaa gauni zito la kanisani, na kitambaa changu kilikuwa kikavu. Nilijigusa kwapani, palepale dukani, bila kujali nani ananitazama.

Pakavu kama karatasi.

Nilianguka nikielekea mlangoni. Niliamka kliniki nimefungwa shuka lililoloweshwa. Muuguzi, msichana wa juzi tu, alikuwa amenishika mkono na kuugeuzageuza kana kwamba anatafuta kitu kilichopotea.

"Mama Dorkas, tangu lini hutoki jasho?"

Niliuvuta mkono wangu, nikauficha chini ya shuka.

"Joto la huku litakuua, mama. Sikutanii. Huna ndugu mahali pa baridi? Kule pwani, labda? Ungehamia huko."

Nimerudi nyumbani. Ninaandika haya nimekaa ndani ya beseni la bati la Verona, magoti yamenigusa kidevu, na Biblia nimeiweka mbali ili isilowe. Engeline ameshatuma mtu wa kunichukua, gari linakuja Alhamisi. Anasema mtoto amefurahi. Anasema Verona aliuliza tu, mara moja, tutalala vipi wote.

Kesho ni Jumatano. Sanduku liko wazi na bado sijatia kitu. Najua gari litafika kule jioni, ukungu ukiwa umeshaingia. Nitapita uzio wa Sanna, nitapanda kizingiti, nitagonga. Mtoto atauliza, nani?

Na nikisema ni mimi, ataniuliza kwa adabu, kama nilivyomfundisha, mama yangu alizikwa wapi. Nitajibu sawasawa, hadi ufa.

Na ndani, mwingine atajibu pamoja nami.