Milimita Tatu za Orville

Mwili wa Orville Haugen ulilala kifudifudi kando ya mashine ya kukatia karatasi, kisogo kimepasuliwa kwa kopo la wino. Kompyuta yake ilipondwapondwa kama karanga.

Inspekta Aune Lehtinen alikung'uta theluji mabegani. "Alikuwa na kazi gani hapa?"

"Kutengeneza picha na mabango ya wateja kabla hatujachapa, afande," alisema Dale Skogstad, mwenye duka. "Mji mzima wa Duluth unatuletea madudu, yeye anayanyoosha. Nimetoka kupeleka mzigo tu, narudi namkuta hivi! Mtu aliyemwita hata mteja mjinga 'bosi'!"

Kwenye pipa la taka Aune aliokota ukanda mwembamba wa karatasi, wenye wekundu ukingoni.

"Hiki nini?"

"Masalio ya bango la majaribio. Picha lazima ipite mstari wa kukatia kwa milimita tatu, la sivyo ukingo unabaki mweupe. Hili la Grant Pehrson, anachangisha ajenge upya hoteli yake."

Aune alikunja uso. Moto wa hoteli ile ulimuua Solveig, mpishi mzee aliyelala ghorofani. Aune ndiye aliyemtoa majivuni.

"Picha yenyewe imekufa na kompyuta?"

"Iko kwenye barua pepe yetu."

Dale aliifungua kwenye kompyuta ya ofisini. Hoteli, nzima, tarehe ya siku moja kabla ya moto. Akauvuta nje ukingo wa fremu iliyofunika pembeni mwa picha. Pembeni likachomoza lori jekundu, limebeba piano na kichwa cha kulungu cha ukutani: vitu ambavyo Pehrson aliwaapia watu wa bima kuwa viliteketea.

"Wateja bwana," Dale alisema. "Wakifunika kitu, wanadhani wamekifuta."

Kituoni, Pehrson aliingia na tabasamu la dalali. "Mnanichelewesha, dada."

"Dada zako wako kwenu. Piano yako ilipona?"

"Iliungua."

"Na kulungu?"

"Naye."

Aune akaitupa picha mezani. "Basi huyu kapanda lori kwenda wapi? Harusini?"

Tabasamu likayeyuka.

"Orville alinipigia simu asubuhi," Pehrson alisema mwishowe. "'Bosi, nimetanua picha, lori limetokeza ukingoni. Niliache au nilitoe?' Nikajua ameshanishika, nikamfuata dukani."

Aune alipiga meza, kahawa ikaruka. "Hakujua kitu! Alitaka milimita tatu! Alikuwa anakuomba ruhusa, mpumbavu wewe!"

"Hoteli ilikuwa inanizamisha. Nilitaka bima tu. Solveig... nilimsahau kama yumo."

Aune akamfunga pingu, akazibana.

"Kulungu aliyekufa ulimkumbuka."