Gitaa Lililolia Njaa

Asubuhi hiyo mtoto hakumwamsha mama yake. Mama aliamshwa na jua lililompiga usoni, akabaki amelala kidogo huku akiufurahia ukimya, kisha akageuka kumtazama. Mtoto alikuwa macho. Mdomo ulikuwa wazi hadi ufizi, ngumi zimekunjwa, machozi yametiririka hadi masikioni. Alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na hapakuwa na sauti.

Mama alimnyakua, akampigapiga mgongoni akidhani amepaliwa. Hakuwa amepaliwa. Pumzi ziliingia na kutoka vizuri.

"Labda sauti imemkauka," alisema mumewe, Fundi, akifunga aproni mlangoni. "Kwa kelele za huyu, hata king'ora cha zimamoto kingekuwa kimeshaungua."

Hilo ndilo lilikuwa jina la mtoto pale jengoni: King'ora. Jirani wa ukuta wa pili alimpachika jina hilo wiki aliyozaliwa, na likamkaa.

Waliishi vyumba viwili. Walilala cha mbele, na cha nyuma kilikuwa karakana. Fundi alitengeneza magitaa ya zamani, na alikuwa na masharti yake mawili yaliyowachekesha mafundi wenzake. La kwanza, chombo cha mteja hakitoki kwake pungufu. Hata skrubu iliyooza aliifunga kwenye karatasi akairudisha. La pili, hakutumia mashine kutafuta sauti. Alisema gitaa lililokaa kimya muda mrefu lifundishwe sauti na nyumba inayoliamsha. Basi alingoja kitu chochote kilie mle ndani, birika au bawaba ya mlango, akakaza uzi wa kwanza mpaka ufanane nacho, kisha akazipanga nyuzi nyingine kwa kuufuata huo.

Gitaa alilokuwa nalo safari hii lililetwa na muuza samani za mitumba, aliyelikuta kwenye nyumba ambayo wenyewe walihama haraka. Halikuwa gitaa la kupakata. Lilisimama kwa miguu minne kama meza ya kupigia pasi, nyuzi zikipita juu ya uso wake uliolala, na chini lilikuwa na pedali kama za cherehani. Kila pedali iliunganishwa kwa fimbo nyembamba na uzi. Ukikanyaga, uzi unavutwa, sauti inapanda. Mpigaji huketi na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na sauti huteleza nacho bila kukatika, kama mtu anayelia huku akijizuia.

Nyuzi zilikuja peke yake, zimefungwa kwenye kitambaa. Kulikuwa na mtu aliyekuwa amezivua zote na kuufunga kila uzi fundo lake. Fundi alikaa mchana mzima akiyafungua mafundo hayo, akizinyoosha kwa vidole na kuzipangusa mafuta. Nyuzi zilikuwa nzima, na ni za mteja; kwa nini aweke nyingine? Alitoa kutu, akanyoosha fimbo zilizopinda. Kitu kimoja tu kilimshinda kutoa. Kila alipoinama chini ya gitaa alikutana na harufu ya maziwa yaliyochacha.

"Panya," alisema, ingawa hakuona kinyesi wala kiota.

Alipomaliza kufunga nyuzi alitega sikio atafute sauti, na King'ora akaanza kulia.

"Mwache kwanza, usimchukue," alimwambia mkewe akicheka. "Sikia. Binti yako ananyoosha sauti moja kama amesomea."

Akakaza uzi, akasikiliza, akakaza tena, mpaka mtoto na uzi vikawa sauti moja na hakuna ambaye angeweza kusema ipi ni ya nani. Mama alisimama mlangoni, mikono tayari, akingoja aruhusiwe kumchukua mwanawe. Hakuwa mtu wa kubishana, hata nyumbani kwake.

Hayo yalikuwa jana yake.

Zahanati walimmulika mtoto kooni na kusema hana kidonda. Mama alipokuwa akianika nguo uani, jirani alimtolea kichwa dirishani.

"Mama King'ora, mmempa nini huyo mtoto? Jana nimelala mpaka nikasahau mimi ni nani."

"Hajambo. Sauti tu imemkauka."

"Basi mpumzishe na babake. Alfajiri yote analikuna lile dude lake, linalia utadhani kichanga. Nikasema huyu kaona mtoto kanyamaza, naye kakosa raha."

Mama alishika kamba ya nguo. Alfajiri Fundi alikuwa amelala ubavuni kwake, mkono wake mzito ukiwa umemlalia nywele.

"Labda ni redio," alisema.

"Redio gani hiyo, shoga yangu, inayolia njaa?"

Mchana Fundi alitoka kwenda kutafuta springi. Mvua ilishuka ghafla, chumba kikawa giza kidogo. Mama alimweka mtoto kifuani, naye mtoto akanyonya, akaachia, akanyonya tena, uso umemkunjamana. Ziwa lilikuwa limejaa na gumu, lakini halikutoa kitu. Akajaribu la pili. Hakuna. Akamlaza kitandani, akaketi kukunja nepi, na ndipo aliposikia kilio kutoka karakana.

Kilikuwa kilio cha mwanawe, chenye ule mkwaruzo mdogo mwishoni ambao angeutambua hata katikati ya watoto mia, na kabla hajawaza lolote maziwa yakamshuka, yakamlowesha gauni hadi kiunoni, na miguu yake ikampeleka ilikoitwa, ikampitisha kwenye ujia wa kati ya vyumba ambako harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa nzito kama moshi, hadi kwenye mlango wa karakana, akausukuma, akaona kiti cha mpigaji kiko kitupu, na pedali ya kwanza inashuka polepole kama inayokanyagwa na mguu usio na haraka, na uzi unatetemeka, na kilio kinapanda, kinabembeleza, kinaomba, naye akajikuta amepiga magoti sakafuni na vifungo vya gauni vimeshafunguliwa, ameinamisha kifua juu ya mbao zile, kabla hajakumbuka kwamba mtoto wake amemwacha kitandani.

Alirudi akikimbia. King'ora alikuwa ameviringika hadi ukingoni mwa kitanda, mdomo wazi, uso wa zambarau, akimlilia mama yake bila sauti.

Fundi alipoingia alimkuta amejibanza nyuma ya mlango na mtoto.

"Liondoe," alinong'ona.

"Liondoe nini?"

"Linamla. Linalia kwa sauti yake. Maziwa yananitoka likiita lile, mtoto akiita hayatoki."

Fundi alitaka kusema jambo la mzaha. Ilimtosha kuona gauni lililolowa, na midomo ya mtoto iliyoanza kukauka. Akachukua koleo, akaenda karakana, akabana uzi wa kwanza.

"Acha," alisema mkewe nyuma yake. "Acha, acha."

Shingo ya King'ora ilikuwa imekakamaa. Mstari mwembamba mwekundu ulikuwa umejichora kooni, mahali pale ambapo mtu angebana koleo. Fundi akaliachia likaanguka, na mstari ukafifia.

Shangazi yake Fundi, aliyeitwa usiku uleule, alifika asubuhi, akitweta. Alikuwa ametibu watu wenye majini tangu Fundi hajazaliwa.

"Mmeshindwa kupanga nyumba ya chini?" alisema. "Jini mwenyewe kapanda ngazi zote hizi, basi ana shida kweli."

Aliingia karakana, akanusa, akakataa kukaa.

"Nyuzi ulizikutaje?"

"Zimefungwa kwenye kitambaa, shangazi. Kila uzi na fundo lake."

"Ukayafanya nini mafundo?"

"Niliyafungua."

Shangazi alirudi nyuma hatua moja. "Mtu kaacha mlango umefungwa, wewe ukaja na bisibisi. Na sauti?"

Fundi akaeleza jinsi alivyoitafuta.

"Huyu hana sauti yake mwenyewe, mwanangu. Hukaa kusubiri kupewa. Wewe ulimchukulia ya mtoto ukamkazia kwa mkono wako. Basi ataachia kama alivyokazwa, uzi mmoja mmoja, wa kwanza uwe wa mwisho. Ukikata, umekata cha mwanao."

Akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Fundi akalegeza uzi wa mwisho, na King'ora, mikononi mwa mama yake, akatoa kwikwi. Wote waliisikia. Akalegeza uliofuata, mtoto akakohoa. Mwingine, akaguna. Fundi alikuwa akitokwa jasho hadi kwenye kope, na kwa kila uzi harufu ilizidi, na gitaa likawa linapumua kupitia fimbo zake.

Ukabaki uzi wa kwanza. Fundi alipouzungusha kuulegeza, pedali ikashuka yenyewe na kuuvuta ukakaza upya. Akalegeza, ikashuka zaidi. Alijaribu kuizuia kwa mkono ikamtupa vidole pembeni. King'ora alikuwa ameacha kupumua, macho yamegeuka meupe, na shangazi, bila kukatisha dua, alianza kutikisa kichwa kama mtu anayekataa habari.

Mama aliketi kwenye kiti cha mpigaji na mwanawe kifuani. Akavua kandambili. Akaupenyeza mguu wake chini ya pedali, kati yake na sakafu, na uzito wote wa yule asiyeonekana ukamshukia kwenye vidole, baridi kama chuma cha kisima, ukakanyaga, ukasubiri, ukakanyaga kwa nguvu zaidi, na kitu kikavunjika mguuni kwa mlio ambao kila mtu aliusikia, naye akauma kanga yake na mguu hakuuondoa, na pedali haikuweza kufika chini.

"Legeza," alimwambia mumewe.

Akalegeza. Uzi ulianguka juu ya mbao ukiwa umelala kama nywele, na King'ora akalia hadi madirisha yakatetema. Maziwa yakamshuka mama yake, safari hii kwa mwanawe mwenyewe.

Jirani akapiga ukuta kwa ngumi. "Karudi huyo! Mnanitaka nini mimi?"

Shangazi alicheka akipangusa macho, kisha akaacha kucheka. "Nyuzi zifunge mafundo, uzifukie mbali na mbao hizi. Zisikutane tena."

"Nitazifukia," alisema Fundi.

Kesho yake muuza samani alikuja na sanduku lake. Fundi alimsaidia kulilaza gitaa ndani na kumwambia asiliwekee nyuzi; ni la kupambia sebule tu.

"Lakini kila kitu chake kimo?"

"Chombo cha mteja hakitoki kwangu pungufu," alisema Fundi, haraka, kama mtu anayejibu salamu. Kisha hakumtazama mkewe.

Walipoliinamisha sanduku kwenye ngazi, kitu chepesi kiliteleza ndani yake kikitoa mlio mwembamba. Mama aliusikia. Lakini mguu ulikuwa kwenye bandeji, King'ora alikuwa anapiga kelele za ziwa, na yeye alikuwa na furaha ya kuitwa. Akaingia ndani.

King'ora akaacha ziwa, akatembea, akaanza kusema na hakunyamaza tena. Maziwa yalikauka, mama akasahau hata yalivyokuwa yakiuma. Siku moja walikuwa wakitoka dukani, mtoto ameshika kidole chake, akisimulia habari za paka wa jirani.

"Mama, yule paka kaingia ndani ya ndoo, halafu ndoo ika—"

Mama alihisi baridi kifuani. Akainamisha macho. Madoa mawili yalikuwa yanatanuka mbele ya gauni lake. Akamtazama mwanawe, na mdomo mdogo ulikuwa bado unasimulia, paka, ndoo, mikono yote miwili ikieleza, na hapakuwa na sauti.

Mtaa ulikuwa na madirisha mengi, juu na chini, na karibu yote yalikuwa wazi. Mahali fulani nyuma ya pazia mojawapo, mtu aliyekuwa akijifunza alitelezesha chuma juu ya uzi, akapenda alichosikia, akarudia.

Mama alimnyanyua mtoto. Akageuka kushoto, gauni likatulia. Akageuka kulia, maziwa yakamshuka kwa moto. Akamkaza mwanawe kifuani, akaanza kukimbia upande huo, akichechemea, kila hatua akizidi kulowa.