Koili ya Nane

Kila siku akitoka shule, Cheche alifanya mambo yaleyale: anavua sare, anakula, anaosha sahani yake, kisha anaingia chumba cha nyuma na kurudishia mlango. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa akiusikia mlango ule huku miguu yake ikikanyaga mashine. "Haya, mhandisi wangu ameshazama," angesema, bila kuinua macho kwenye pindo analoshona.

Katika chumba hicho palikuwa na sanduku la mbao lenye miguu minne, refu kama kitanda cha mtoto. Juu yake televisheni kuukuu ilikuwa imelazwa chali, na kwenye kioo chake gololi ilikimbia huku na huku. Kazi ya mchezaji ni kubonyeza vitufe viwili ubavuni mwa sanduku ili gololi isidondoke. Lakini gololi yenyewe ilikuwa picha tu, haina uzito wala kishindo. Ndiyo maana baba alipanga kutia vitu vya kweli ndani ya sanduku: taa za rangi, mota ndogo ya kulitikisa, na koili nane. Koili ni sumaku ya umeme. Ukiiwasha, inasukuma kijiti cha chuma kinachogonga ubao, ko! Gololi ikigonga pichani, mikono yako nayo inakisikia kishindo.

Baba aliondoka kabla ya kuunga hata waya mmoja. Alikwenda nchi ya mbali kufunga minara ya simu, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Aliacha mchoro wa penseli ukutani, na neno moja alilomwambia binti yake mlangoni, begi likiwa begani. "Siku sanduku hili likigonga, tutacheza wote wawili." Mtu mzima angelichukua hilo kama maneno ya kuagana. Cheche alilishika kama ahadi. Aliamini kabisa kwamba sanduku likigonga, baba atarudi. Hakumwambia mtu, maana alijua watamcheka.

Aliyemfundisha kazi alikuwa shangazi yake, fundi redio, mwanamke mwenye bisibisi sikioni na utani mdomoni.

"Kila koili na dayodi yake," alisema, akimwonyesha kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye mstari mweupe upande mmoja. "Ukizima koili, umeme uliokuwa ndani unarusha teke. Dayodi ndiyo inalipokea. Isipokuwepo, teke lote linaishia kwenye bodi, ule ubao mdogo wa saketi unaoendesha kila kitu."

"Na mstari unakaa wapi, shangazi?"

"Upande wa chanya. Ukiugeuza utanipikia moshi, mwanangu, na mimi moshi nimeshaushiba."

Ijumaa moja dayodi ziliisha koili moja kabla ya mwisho. Saba zilikuwa tayari. Ya nane, ile kubwa ya katikati, ilikuwa bado. "Jumatatu nitakuletea nyingine," shangazi alisema. "Mpaka hapo, usiwashe kitu."

Jumatatu! Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ambayo baba hupiga simu. Cheche aliitazama koili ile mpaka moyo ukamwuma. Amengoja miezi kumi na minne, kisha azuiwe na punje ya mchele? Aliunga waya bila dayodi, akawasha.

Ko! Ko-ko! Taa nyekundu zikafuatana, sanduku likatetemeka, kishindo cha koili kubwa kikapanda mpaka mabegani mwake. Cheche alicheka peke yake, machozi yakimlengalenga, akageuka kutazama mlango. Hakuingia mtu. Kisha ikaja harufu ya plastiki inayoungua, taa zikazimika, na sanduku likanyamaza.

Alizitoa nyaya za koili ya nane na kuzificha. Shangazi alipokuja jioni, Cheche alikuwa na jibu lake mkononi.

"Niliwasha zile saba tu, zenye dayodi. Nilitaka kujaribu."

"Saba tu? Na nyaya ziko sawa?" Shangazi alizikagua zote, akatikisa kichwa. "Basi bodi ilikuwa mbovu. Na Bi Vipuri aliyeniuzia aliniapia kwamba ameipima! Kesho tunakwenda kwake, anieleze vizuri."

Bi Vipuri alikuwa bibi mwenye kibanda kilichojaa mizoga ya redio na televisheni. Shangazi alimwekea bodi mezani na kusema yake yote, wala hakupunguza. Bibi aliigeuza bodi karibu na pua. Hakubisha.

"Nisamehe, fundi. Niliipima, au nadhani niliipima. Macho haya yameanza kunidanganya." Alivuta droo, akatoa bodi iliyofungwa kwa kitambaa safi. "Chukua hii. Ni nzuri kuliko zote nilizonazo. Labda wakati wangu wa kuiacha kazi hii umefika."

Cheche akasogea mezani. "Bibi, usiiache. Bodi ilikuwa nzima. Niliiunguza mimi. Niliwasha koili ya nane haina dayodi, halafu nikaficha nyaya."

Shangazi alimtazama Cheche, kisha akamgeukia bibi. "Nimekuja hapa na mdomo mpana. Niwie radhi, mama."

"Yamekwisha," alisema Bi Vipuri, akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Bodi mtaichukua. Lakini wewe binti, Jumamosi tatu asubuhi uko hapa. Dayodi zimo humo kwenye mizoga. Utazitoa na kuzipima moja moja, na ya koili yako itoke humo humo."

Alasiri hiyo baba alipopiga simu, Cheche alimweleza yote, hata lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Kumbe ulidhani likigonga nitarudi?" baba aliuliza taratibu.

"Ulisema tutacheza wote wawili."

"Nilisema vibaya, mwanangu. Mkataba umebakiza miezi kumi, na sanduku haliwezi kuupunguza. Hata mimi ningependa lingeweza."

Cheche alilia siku ile. Lakini Jumamosi zote tatu alikwenda kibandani, na ya tatu akarudi na dayodi iliyopimwa mara mbili. Alifunga bodi mpya, akaiunga dayodi, mstari upande wa chanya. Shangazi akapitisha mita kila mahali, akaridhika.

"Ile haraka nimekusamehe," alisema, "maana najua unamngoja nani. Lakini uongo wako ulikuwa karibu kumfukuza bibi wa watu kwenye kazi yake, naye hakukosa lolote. Ukiharibu kitu, sema ungali na kitu kimoja tu cha kutengeneza."

Simu ilipolia, mama aliishikilia karibu na ubao. Ko! Ko-ko! Koili zote nane ziligonga.

"Baba, unasikia?"

"Nasikia!" alijibu baba. "Cheche, kitufe cha kulia ni changu. Nikisema sasa, unibonyezee."

"Lakini huoni gololi!"

"Nitaisikia."

Gololi ikashuka. "Sasa!" baba alipiga kelele kutoka nchi ya mbali, akiwa amechelewa, na gololi ikadondoka. Wakaanza tena. Walishindwa mara tisa mfululizo, wakicheka mpaka mama naye akashindwa kuishikilia simu vizuri, kwa sababu walikuwa wakicheza wote wawili.