Vikalio Vinane

Foleni ya riksho ilikuwa imeziba mtaa wa Dholaikhal tangu asubuhi, na hakuna aliyekuwa na nia ya kumpisha mwenzake. Kengele zililia, wachuuzi wa gia kuukuu walipiga kelele, na Jhorna, ambaye subira ya foleni hakujaliwa, alikuwa akijipenyeza kwa miguu kati ya magurudumu, mtandio wake wa njano ameufunga kiunoni. Ndipo tone la oili likamdondokea begani.

Akainua macho. Juu ya riksho alikuwa ameketi kijana mrefu mwenye shati la bluu, petali za waridi zimenasa kwenye nywele zake, na mapajani amepakata silinda hedi tupu ya gari kama mama aliyepakata mtoto mgonjwa. Valvu zake nane zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Samahani dada! Huyu mgonjwa wangu anavuja damu. Mara ya tatu namleta hospitali."

Jhorna angepita zake, lakini mkono wa fundi hauna adabu. Ulichomoa valvu mfukoni, ukaitumbukiza kwenye tundu lake, ukaitikisa. Ilicheza kama jino bovu.

"Umeona? Bushi zinazoshika valvu zimekwisha. Gari likiwaka asubuhi linatoa moshi wa bluu, siyo?"

"Umeliona wapi gari langu?"

"Sijaliona. Na hao waliokusagia vikalio, hapa valvu inapokalia, wamesaga juu ya bushi mbovu. Wamekusagia hewa, kaka."

"Kwani wewe nani?"

"Fundi."

Mwendesha riksho aliangua kicheko. Yule kijana hakucheka, na jambo hilo lilimwingia Jhorna moyoni papo hapo, kabla hata hajajua jina lake.

Jina lake lilikuwa Mokhles. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea waridi kutoka mashamba ya Savar hadi soko la maua la Shahbagh. Jhorna alimpeleka kwenye karakana iliyokuwa ya marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi yote, na ambayo sasa funguo zake alizishika baba yake mdogo, mzee Siraj. Siraj alikaa mbele na kupokea wateja. Jhorna alifanya kazi nyuma ya pazia, na wateja waliambiwa "mafundi wameshaimaliza". Miaka miwili hakuna aliyempa Jhorna kazi akijua kwamba mkono ni wake.

"Nataka afanye yeye," Mokhles alimwambia Siraj, akamwonyesha Jhorna kwa kidevu.

Basi Jhorna akaifanya kama vile hedi ile ilikuwa roho yake. Aliipasha moto, akazigonga bushi kuukuu zikatoka moja moja. Bushi mpya zilichukua siku nne kupatikana, na katika siku hizo nne simu haikupumzika.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Amelala. Usimwamshe."

"Na daktari wake?"

"Daktari ana kazi. Umempigia mara tano leo."

"Nne. Ile moja alipiga mtu mwingine aliyekufa akaoza kwa ajili yako."

"Mwambie apange foleni."

"Yuko mbele ya foleni, mpenzi. Amekuja na godoro."

Jhorna alifunika simu kwa kiganja ili Siraj asisikie anavyocheka. Alikuwa amependa, na hakuwa na haja ya kujidanganya. Alimpenda mwanamume aliyeuamini mkono wake, na alichoogopa ni kimoja tu: siku ambayo imani hiyo ingekwisha.

Alhamisi aliingiza bushi mpya na kuzichonga ndani mpaka valvu zikapita bila kubana wala kucheza. Vikalio akaviacha kwa ajili ya kesho yake. Ijumaa asubuhi alimpeleka mama yake kupima macho. Aliporudi karakana alasiri, meza yake ilikuwa tupu.

Hapo hapo simu ikalia.

"Jhorna! Gari halivuti! Linatetemeka, linazima! Nimekwama Gabtoli na waridi elfu tatu, na kesho ni Falgun!"

Siku ya kwanza ya Falgun, mwezi wa maua, mji mzima huvaa njano na kutia maua kichwani. Waridi la keshokutwa halipati mtu wa kulinusa.

"Umechukua hedi bila mimi?" Jhorna alifoka. "Nilikwambia ungoje simu yangu! Vikalio sijavigusa!"

"Si mmenipa wenyewe?"

"Nani kakupa?"

"Jhorna, madereva wote hapa wananicheka. Wananiambia walinionya..."

"Walikuonya nini? Malizia."

Honi za mabasi zilisikika upande wa pili.

"Walikuonya usimpe mwanamke. Malizia, Mokhles!"

"Mimi sija..."

"Naenda," alisema Jhorna, akakata.

Neno dogo, lakini lilimchoma ulimi. Kwao mtu haagi kwa kusema naenda. Husema nakuja, hata kama anasafiri mwaka mzima. Naenda ni neno la anayekata roho au anayekuacha usimtafute tena. Mama yake angelisikia angemziba mdomo. Jhorna aliketi kwenye kigoda, machozi yakamtoka ya hasira na ya mapenzi, asijue yapi ni yapi.

Siraj aliingia kutoka msikitini na mikate ya bakarkhani kwenye gazeti, uso umemkunjuka.

"Yule kijana wa waridi alikuja asubuhi, nikampa hedi yake. Kazi nzuri, mwanangu. Vikalio vinang'aa!"

Jhorna alisimama. "Baba mdogo, vikalio sijavisaga!"

"Mbona vinang'aa? Si walishavisaga huko alikotoka?"

"Walivisaga kwa bushi za zamani! Ukibadilisha bushi, katikati inahama. Valvu sasa inakalia upande, haizibi!"

Mzee alijishika kichwa. Alikuwa mtu wa kupokea wateja, hakuwahi kusaga kikalio hata kimoja. "Basi tutamrudishia kesho..."

"Kesho waridi limekufa." Jhorna alikuwa tayari anafunga vitu kwenye gunia: vyuma vya kuelekezea, mawe ya kusagia ya mkono, pesti ya kusugulia, kijiti chenye mpira wa kunyonya valvu.

"Unakwenda Gabtoli? Stendi ya mabasi, Ijumaa? Watakucheka."

"Wameshaanza kucheka. Afadhali wacheke nikiwepo."

Mokhles alikuwa amechuchumaa kando ya pikapu, hedi ameshaifungua na kuilaza juu ya gunia. Alipomwona Jhorna akishuka kwenye bajaji, vumbi mpaka kwenye nyusi, alisimama wima.

"Ulisema unaenda."

"Nilisema naenda. Sikusema wapi. Nilikuwa naenda Gabtoli."

Mokhles alitaka kucheka, akashindwa. Macho yalikuwa mekundu.

"Baba mdogo amekiri," Jhorna alisema. "Kosa ni la nyumba yetu, nami nikakufokea wewe. Nisamehe."

"Na mimi nilikuwa na la kuwajibu hawa, nikanyamaza. Hilo ni langu."

Dereva mmoja mnene aitwaye Kuddus alisogea na gilasi mkononi. "Ndiye fundi huyu? Mokhles, mwambie atupikie chai kwanza."

Safari hii Mokhles hakunyamaza. "Chai iko pale kibandani, Kuddus, nenda kanunue. Huyu ni fundi wangu. Nilimchagua mimi, na leo ningemchagua tena."

Jhorna alijifanya hajasikia. Alipiga magoti, akatia chuma cha kuelekezea ndani ya bushi ya kwanza, akavika jiwe, akaanza kuzungusha. Upande mmoja wa kikalio ulilika, upande wa pili haukuguswa kabisa. Ndipo madereva walipoona kwa macho yao jinsi kilivyokuwa kimekwenda kombo. Alizungusha mpaka duara likawa sawa pande zote. Kisha pesti na valvu, kisha kijiti kati ya viganja viwili, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka ukajitokeza mkanda mwembamba wa kijivu usiokatika, dalili kwamba valvu inaziba. Akahamia cha pili. Mokhles alinyunyizia waridi maji, akarudi kumshikia hedi, akaenda tena kwenye waridi. Kufikia kikalio cha tano malengelenge kwenye viganja vya Jhorna yalikuwa yamepasuka. Mokhles alitaka kupokea kijiti, akakatazwa kwa jicho. Kufikia cha nane, hakuna dereva aliyekuwa anacheka. Walikuwa wamechuchumaa kumzunguka.

Aliosha pesti yote, akarudisha valvu na springi, akakaza plagi, akaipindua hedi tumbo juu na kumimina mafuta ya taa kwenye vyumba vyote vinne.

"Robo saa. Asiiguse mtu."

Waliketi wawili hao, magoti yakikaribia kugusana, wakiyatazama mafuta.

"Yakivuja?" Mokhles alinong'ona.

"Nasaga tena."

"Yakivuja tena?"

"Nasaga mpaka Falgun ya mwakani. Una haraka?"

"Ya waridi, ndiyo. Ya kwako ninayo tangu siku ile ya riksho."

Jhorna aliyainamia mafuta. Masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Robo saa ilipotimia, Mokhles alipenyeza kidole kwenye matundu ya pembeni, ambako mafuta yangevujia, moja baada ya jingine, polepole. Kavu. Kavu. Kavu. Kuddus mwenyewe akaja kupima kwa kidole chake kinene, akakitazama, akakinusa.

"Kavu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Jhorna," Mokhles aliita mbele ya watu wote. "Nioe."

Stendi ilipasuka kwa vicheko. "Mwanamume haolewi, we chizi!"

"Mimi naolewa. Jhorna, nioe."

Jhorna alijifuta mikono kwa mtandio ambao haungefaa tena. Moyo ulimdunda mpaka akaona haya usije ukasikika.

"Kazi siachi."

"Usiache."

"Pazia la karakana naling'oa. Nakaa mbele."

"Nitaling'oa mimi."

"Haya, nimekuoa," alisema Jhorna. "Shika upande huo, mume wangu, tuifunge hedi. Waridi linatungoja."