Kipanya cha Mkono wa Kushoto

Jambo hili halikunipata mimi. Lilimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta, mtu wa utani mwingi. Mjane mmoja alimwita mchana.

"Marehemu mume wangu alitumia mkono wa kushoto," alisema. "Nigeuzie kipanya cha kompyuta yake, mwanangu. Kila nikibofya nakosea, halafu nalia."

Kwenye mipangilio ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ile, fundi akageuza vitufe, akaondoa na ile kasi ndogo ya kubofya mara mbili aliyowekewa marehemu ili abofye polepole mikono ilipoanza kutetemeka. Akakihamishia kipanya kulia.

Umeme ukakatika. Mapazia hayakuwa yamefunguliwa tangu msiba; chumba kikawa giza tororo. Wakasikia kipanya kikibofywa: tak, kimya kirefu, kisha tak.

"Ni wewe, mwanangu?"

"Hapana, mama. Mikono yangu iko mfukoni."

Umeme uliporudi, kipanya kilikuwa kushoto. Mama akakifunika kwa kiganja.

"Bado kina joto," akasema.