Mita Mia Mbili na Kumi

Jua linazama, tukatumwa kuunga waya wa intaneti uliokatika chini ya ardhi, nyuma ya ghala la magodoro. Mimi na msimamizi wangu, tunamwita Chapchap, maana kwake kila kazi ilitakiwa iishe jana. Mashine ikaonyesha umekatika mita mia mbili na kumi kutoka tulipoipimia.

Palepale. Mara ya tatu mwezi huo.

"Panya," akasema.

Panya gani huyo ana adresi?

Nikashika jembe. Akaninyang'anya. "Kaa juu, dogo. Hapa nachimba mwenyewe."

Chapchap achimbe? Mtu ambaye hata kofia tunambebea?

Kaka yangu alikuwa mchimbaji wake. Mwaka jana alipotea, kazini, kwenye mtaro huohuo. Chapchap akasema katoroka na vifaa. Mama akaitwa mama wa mwizi mpaka akaacha kwenda sokoni.

Akachimba mpaka usawa wa kichwa. Mbao za kuzuia udongo hakuweka. Kawaida yake.

"Washa."

Nikapitisha mwanga mwekundu ndani ya waya, kwenye nyuzi zake za kioo. Palipokatika, mwanga huvuja. Ukavuja miguuni pake.

Waya umetafunwa... Meno ya mtu.

Ikaja harufu ya jasho. Jasho la kaka. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na mbili, siwezi kukosea.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Chini yake.

"Dogo," akanong'ona. "Nipe mkono."

Udongo ulishamfika magotini. Na haukuwa unaporomoka kutoka juu. Ulikuwa unapanda.

"Kaka yuko wapi?"

"Nivute kwanza."

"Yuko wapi?"

Kiunoni.

"Ukuta ulimwangukia... giza linaingia, kazi haijaisha... nikaamuru vibarua wafukie. Nivute, mdogo wangu."

Leo ndio nimekuwa mdogo wako.

"Alikuwa anapumua?"

Kifuani.

"Nakuuliza. Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anaita."

Mkono wake ulikuwa pale, hatua moja tu. Nikaweka wangu mfukoni.

Mtaro ukajifunga polepole, kama mdomo wa mtu aliyeshiba.

Kesho yake walichimba na mashine. Kaka tulimpata, vifaa vyote viko naye, hata koleo. Chapchap walipata buti zake tu. Kamba zimefungwa vizuri, ndani udongo tele. Na intaneti ilikuwa imerudi tangu jana yake jioni. Nani aliunga waya, hakuna anayejua.

Tukamzika kaka kwa jina lake. Mama siku hizi anakwenda sokoni, na bei anabishana kama zamani.

Mimi nina alama za vidole vitano mkononi. Za mtu ambaye sikumgusa. Zilianzia kwenye kifundo, kila siku zinapanda kidogo. Leo zimepita kiwiko.

Mama anasema nimwombe Chapchap msamaha.

Simwombi. Zikifika shingoni, na zifike.