Sura ya Mia

"Dada, usiinue kichwa. Kaa hivyo hivyo."

Fundi wa saa aliinua kichwa. Meza yake ilikuwa barazani mbele ya posta, mahali ambapo mji mzima hupita ukikimbilia mambo yake, na tangu airithi kwa marehemu baba yake, miaka kumi na mmoja sasa, hakuna aliyewahi kumwamrisha asiinue kichwa. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati la jinzi lililopauka mabegani, kamera shingoni.

"Umeiharibu," alisema yule mwanamume huku akicheka.

"Nimeharibu nini? Mimi hapa natengeneza, siharibu."

"Picha. Ulikuwa umezama mpaka umesahau kama una uso."

"Kama huna saa ya kutengeneza, kaka, wapishe wateja."

Akaivua saa yake mkononi, akaiweka mezani. "Ni nzima kabisa, lakini ifungue tu. Nipate sababu ya kukaa."

Akakaa. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Siku za kazi alikuwa akipiga picha za pasipoti kwenye studio moja ya mtaa wa pili, macho mbele, usicheke, mwingine aje. Mwisho wa wiki alizunguka mitaani akiwasimamisha watu asiowajua na kuwaomba sura zao. Alitaka sura mia moja, zote za watu waliojisahau, aje azitundike ukutani watu wazione. Fundi alipigwa picha mara sita pale mezani, na hakuna hata moja ambayo mpiga picha aliihesabu.

"Unavaa uso wa kazini, mpenzi. Nipe ule mwingine."

"Mwingine nautoa wapi? Mungu kanipa huu mmoja, na wewe unaulalamikia."

Ikawa mapenzi, tena yale ya kumfanya mtu acheke peke yake kwenye ngazi. Kila siku mchana simu ililia.

"Fundi wangu, saa ngapi?"

"Yaani umepiga simu kuuliza saa?"

"Sasa nimuulize nani? Muuza samaki?"

"Saa saba na robo. Haya, kata, nina saa ya mtu tumbo wazi hapa."

"Kumbe unapasua mchana kweupe! Nakupenda, daktari."

Jumapili moja, akimpigia pasi shati chumbani kwake, fundi alimweleza jambo alilokuwa akilijua mama yake mdogo peke yake. Alipokuwa na miaka saba, mama yake mzazi alimkalisha kwenye benchi la stendi ya mabasi, akamwekea karanga mapajani, akamwambia, "Ngoja hapa mwanangu, narudi sasa hivi." Akangoja. Karanga hakuzila, kwa sababu alitaka wale wote wawili. Jioni mfagiaji wa stendi ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa askari. Baba alikuja kumchukua. Mama hakurudi siku ile wala siku yoyote.

"Mpaka leo nikimngoja mtu tumbo hunikata," alisema, pasi imesimama hewani. "Mtu mzima mimi, nina aibu hata kusema."

Mpiga picha alimtoa pasi mkononi, akamkumbatia. "Mimi sitakungojesha kamwe. Sikia. Kamwe."

Na pengine wakati ule alimaanisha.

Haukupita mwezi, Jumamosi mchana, wakaenda stendi kumpokea dada yake mpiga picha, aliyekuwa njiani kutoka safari. Fundi alivaa gauni la kijani lenye vifungo vyeupe, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza wifi kumwona. Stendi ilikuwa imefurika, wapiga debe wanaitana, mizigo inapita juu ya vichwa vya watu. Mpiga picha alimtafutia nafasi kwenye benchi.

"Ngoja hapa, mpenzi. Narudi sasa hivi."

Dakika kumi alizivumilia. Zilipofika ishirini alipiga simu, ikawa imezimwa. Ilipofika nusu saa alisimama, akaketi, akasimama tena, akiogopa kuondoka asije akapishana naye. Mama mmoja alimuuliza kama kiti kina mtu, naye badala ya kujibu akamshika mkono akamuuliza kama amemwona mwanamume mwenye kamera. Baada ya hapo hakuwa tena mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye funguo zake na wateja wake. Alitazama kila shati la jinzi lililopita. Midomo ilimkauka ikabaki wazi.

Saa nzima na nusu baadaye mpiga picha akatokea na soda mbili. Foleni, alisema. Simu imeisha chaji. Dada ameahirisha safari. Fundi alimpiga kifuani kwa ngumi mbili, kisha akalilia papo hapo alipopiga, naye akamshika kichwa akisema, "Basi, basi, nipo, mpenzi wangu, nipo." Usiku ule fundi alijicheka. Akajiona mjinga wa kutupwa.

Maonyesho yalifunguliwa miezi minne baadaye, alasiri, katika ukumbi wa chuo. Fundi alikwenda na mama yake mdogo, wamependeza wote wawili. Ukutani kulikuwa na muuza magazeti aliyepiga miayo, askari wa barabarani akijikuna shingo, bibi harusi akifunga kamba ya kiatu. Watu walicheka, wakasogea. Mwishoni walisongamana. Ukuta wa mwisho ulikuwa na picha moja tu, kubwa kama mlango.

Gauni la kijani. Vifungo vyeupe. Chini yake maandishi: *Sura ya mia: Anayengoja.*

"Huyu amefiwa," alisema mtu mmoja.

"Hapana, tazama macho. Kama mtoto aliyepotezwa."

Fundi alitazama, na kazi yake ya kutafuta kasoro ndogo ikamsaliti. Picha ilipigwa kutoka juu. Ng'ambo ya lile benchi palikuwa na jengo la ghorofa, na ghorofa ya kwanza ilikuwa na dirisha. Dirishani hakuna foleni.

Mpiga picha alimfikia akiwa amevaa suti, uso unang'aa, na mkono mmoja mfukoni ukishika kiboksi kidogo.

"Umeiona? Kila mtu anasimama mbele ya hiyo tu. Fundi wangu, nilitaka leo, mbele ya watu wote—"

"Dada yako alikuwa anakuja kweli?"

Mkono ukatoka mfukoni mtupu. "Hapana."

"Na simu uliizima mwenyewe."

"Nilikuwa nakutazama muda wote, mpenzi. Hukuwa peke yako hata dakika moja."

"Hilo ndilo baya kuliko yote," alisema fundi.

Alimshika mama yake mdogo mkono, wakatoka katikati ya watu ambao walianza kumtambua, na waliomtambua walimpisha kwa adabu kama wanavyopishwa wafiwa.

Zikafuata wiki tatu za simu zisizopokewa. Mama mdogo, aliyemlea na aliyempenda, hakumhurumia. "Picha tu! Wenzako wanavunjwa mbavu. Mwanamume amekuja kwangu na pete, analia. Una miaka mingapi, mwanangu? Unafikiri kuna foleni nyuma yake?"

"Mama, alijua ni benchi la nini."

"Basi sasa anajua na kosa lake. Msikilize."

Kwa hiyo mpiga picha alipokuja barazani Jumatano moja, fundi hakumfukuza. Alikuwa amekonda. Shati halijapigwa pasi. Alisimama upande wa wateja.

"Nimeishusha," alisema. "Nimeifuta kila mahali. Ukutani wameacha pengo. Siitaki hiyo kazi, nakutaka wewe. Niulize chochote, sitakudanganya tena mpaka nife."

Fundi aliweka kibano chini. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtisha. Alijua jibu moja tu lingetosha, akaliomba kimoyomoyo kabla hajauliza.

"Ulipokuwa pale dirishani, uliniona nilivyokuwa. Mara ngapi ulitaka kushuka uje kwangu?"

Mpiga picha alifumba macho. Alikuwa ameahidi ukweli, na kwa mara ya kwanza aliutimiza.

"Mara moja. Ulipomshika yule mama mkono ukamuuliza kama ameniona. Nilifika ngazini." Akameza mate. "Lakini ndipo mwanga ulipokuwa mzuri. Nikarudi."

Magari yalipita. Mtu alicheka mlangoni mwa posta.

"Ahsante," alisema fundi. "Sasa nenda."

"Fundi wangu..."

"Nenda, kaka."

Neno hilo la *kaka* lilimfika kuliko tusi. Alibaki amesimama, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, na nyuma yake mwanamke aliyeshika saa ya ukutani alichungulia, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akauliza kwa sauti ndogo kama arudi baadaye.

"Hapana, mama," alisema fundi, akimvutia kiti. "Karibu. Imeanza lini kusimama?"